Njia Nne za Kumfuta Nyamizi

Barua ilifika Jumanne, mwezi wa sita mwaka 2024, ikiwa imeandikwa kwa Mama Nyamizi. Ilisema kwamba mwanafunzi Nyamizi Veneranda, wa darasa la saba, haonekani shuleni, na kwamba mzazi wake amepewa siku kumi na nne kumfikisha, la sivyo suala litapelekwa mahakamani. Ilikuwa na muhuri, sahihi na nambari ya kumbukumbu. Kasoro yake ilikuwa moja. Veneranda hakuwa na mtoto.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, fundi wa maabara katika hospitali moja ya Tabora, na kazi yake ilikuwa kuhesabu vimelea vya malaria chini ya darubini. Jumamosi aliandika vitabu vya watoto. Kuanzia mwaka 2016 hadi 2022 aliandika saba, kila mwaka kimoja, vyote kuhusu msichana wa miaka kumi na mmoja aitwaye Nyamizi. Msichana huyo anaishi kando ya njia ya zamani ya misafara, magharibi ya mji, na huona jambo wasiloliona wengine: msafara wa wapagazi mia tano ambao haukuwahi kumaliza safari yake, na bado unatembea kati ya Ujiji na pwani. Sharti la kuuona limeandikwa ukurasa wa tisa wa kitabu cha kwanza. Mbele ya msafara wanaume wawili wamebeba pembe ya ndovu kwenye mpiko, mti mrefu uliolazwa mabegani mwao. Anayeweza kupita chini ya mpiko bila kuinama anauona msafara. Siku atakapolazimika kuinama, hatauona tena.

Vitabu vilipendwa, na vilimpa Veneranda jina. Mwanamke wa umri wake hawezi kuitwa jina lake tupu na watoto wa jirani. Lazima awe mama wa mtu. Yeye hakuwa mama wa mtu, na jambo hilo liliwasumbua majirani mpaka kitabu cha pili kilipotoka. Kuanzia hapo akawa Mama Nyamizi, kanisani, sokoni na kwenye foleni ya maabara. Hakukataa. Aliliona kuwa jina lisilomdhuru mtu.

Jumatano, baada ya zamu, aliipeleka barua ofisi ya kata.

Afisa elimu kata aliitwa Adinani. Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka arobaini, mwenyeji wa mjini, aliyepanga kalamu zake mezani kwa kufuata urefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya barua yako. Nyamizi si mtoto. Ni mtu wa kitabuni."

"Najua. Nimevisoma vyote saba. Cha nne nimekirudia."

"Basi mfute."

"Ndiyo kazi inayoninyima usingizi," alisema Adinani, akamsogezea kiti.

Alimweleza mambo kwa mpangilio. Februari 2022, mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kasimiri, alipita nyumba kwa nyumba kuandikisha watoto wa umri wa shule. Kwa Veneranda alikuta geti limefungwa. Aliijua nyumba: ya Mama Nyamizi. Aliandika jina la mzazi, akaandika jina la mtoto, kisha akawauliza watoto wanne waliokuwa bombani Nyamizi wa hapa ana miaka mingapi. Walijibu kwa pamoja kwamba ana kumi na mmoja, na hawakukosea. Kwa umri huo aliwekwa darasa la tano.

"Na mwalimu wa darasa hakushangaa?"

"Darasa lilikuwa na watoto sitini, mama. Jina linaitwa, sauti inajibu. Hao sitini walivisoma vitabu vyako. Jina la Nyamizi likiitwa, mmoja alijibu 'Yupo'. Walipeana zamu." Adinani alifungua daftari. "Mahudhurio yake ni asilimia tisini na nne. Siku alizokosa zote ni za mvua. Nimewahoji. Wanasema msafara hauwezi kuvuka mbuga siku ya mvua na kurudi kabla ya kengele."

Ukweli ulijulikana mwezi wa tano, alipokuja mwalimu mpya aitwaye Magreth, mwenye tabia ya kuhesabu vichwa. Majina yalikuwa sitini na moja. Vichwa sitini. Aliuliza Nyamizi yuko wapi, darasa zima likasema yuko safarini.

"Andika kwamba aliandikishwa kimakosa," alisema Veneranda.

"Kosa lazima likiriwe na aliyeandikisha. Mzee Kasimiri hataki. Mwaka ule aliandikisha watoto mia nne na kumi na wawili. Akikiri kwamba mmoja hakumwona, ataulizwa hao wengine aliwaona wangapi."

"Aliwaona wangapi?"

"Sijamuuliza. Nikimuuliza nitalazimika kuandika jibu." Adinani akageuza fomu ili mgeni aweze kuisoma. "Mwanafunzi anaondoka kwenye daftari kwa njia nne. Kuhitimu, kuhama, kufa na utoro. Utoro ndio unaokupeleka mahakamani. Hakuna kisanduku cha kutokuwepo."

"Ongeza kimoja."

"Fomu inatoka juu, mama. Mimi kazi yangu kujaza."

Veneranda aliisoma fomu mara mbili. Kabla ya kuandika hadithi zake alikuwa amesoma nyingi za wengine, za watoto wanaovuka kwenda nchi zisizoonekana, na aliitambua orodha ile. Watoto wa hadithi hizo huondoka kwa njia hizo hizo. Wengine hukua, na mlango ukafungwa nyuma yao. Wengine huhamia upande wa pili na hawarudi. Wengine hufa, kwa kawaida wakiwa wanamwokoa mtu. Na wachache hutoroka umri wenyewe, wakabaki watoto huku wenzao wakiota ndevu. Yeye alikuwa amechagua njia ya nne miaka minane iliyopita, bila kujua kwamba serikali inaiita utoro.

Alikuwa na sababu. Katika hadithi alizozisoma mtoto akikua huadhibiwa. Hunyang'anywa yote aliyoyaona, kisha msomaji huambiwa kwamba huko ndiko kukomaa. Veneranda aliona hiyo ni dawa mbaya kuliko ugonjwa. Kwa hiyo alimwekea Nyamizi kimo cha sentimita mia moja thelathini na nane, akauweka mpiko kwenye mia moja arobaini na sita, na hakugusa tena vipimo hivyo. Mezani nyumbani kulikuwa na kitabu cha nane, kurasa sitini tayari, na ndani yake msichana alikuwa bado na miaka kumi na mmoja. Sasa alitakiwa kuchagua kati ya kusimama mbele ya hakimu na kummaliza mtoto pekee aliyewahi kumlea.

"Nipe muda," alisema.

"Una siku kumi na tatu," alisema Adinani.

Jumatatu walikutana watu wanne katika ofisi ya walimu: Adinani, Mwalimu Magreth, Mzee Kasimiri na Veneranda. Ajenda ilikuwa moja.

"Mimi naona afe," alisema Kasimiri. Alikuwa mkulima wa karanga mwenye shamba Itetemia, na alitaka kuondoka mapema. "Kifo ni karatasi moja. Nasaini mimi, anasaini mama yake, tunaagana."

"Amekufa kwa nini?" aliuliza Adinani, kalamu mkononi.

"Malaria."

"Mama yake anapima malaria, mzee. Watu watasema nini?"

"Basi nyoka. Nyoka hana cheti."

Magreth alikuwa akisahihisha madaftari. Hakuinua kichwa. "Mwenyekiti, mimi ndiye nitakayewaambia watoto sitini kwamba Nyamizi ameumwa na nyoka. Swali la kwanza litakuwa nyoka gani. La pili, kaburi liko wapi. Saa tisa mama zao watakuwa njiani na mikeka. Utawapeleka wapi?"

"Kwa mfiwa."

"Nina zamu wiki nzima," alisema Veneranda.

"Unaona, mwenyekiti? Msiba hauna mwenyewe."

"Tatizo lako, Mama Nyamizi," alisema Kasimiri, "ulitaka mtoto asiyekua. Mimi nina saba. Wote wamekua bila ruhusa yangu, na viatu wamepasua."

Adinani alipendekeza uhamisho. Kitabuni, alisema, Nyamizi anashinda na msafara. Basi na aandikwe kwamba amehamia huko. Kilichohitajika ni barua ya kupokelewa kutoka kwa kiongozi wa mahali anakokwenda.

"Kiongozi wa msafara ni kirangozi," alisema Veneranda.

"Ana muhuri?"

"Ana joho jekundu na manyoya kichwani. Muhuri hana."

"Anajua kusoma?"

"Anasoma nyayo."

Adinani aliandika jambo, akalikata. "Haitoshi."

"Halafu akihamia huko harudi," alisema Veneranda. "Hilo silitaki."

Ikabaki kuhitimu. Ili ahitimu, Nyamizi alipaswa kusajiliwa kwa mtihani wa mwezi wa tisa, na usajili ulitaka picha ya pasipoti yenye rangi ya buluu nyuma. Kasimiri alisema wakate ile ya jalada la kitabu cha kwanza. Adinani alisema ile ina miaka minane, na picha inatakiwa iwe ya miezi sita. Magreth aliuliza ni nani atakayekaa kwenye chumba cha mtihani siku yenyewe.

"Tutafika huko," alisema Adinani. "Picha kwanza."

"Atakuwa na kumi na mitatu," alisema Magreth. Sasa aliinua kichwa akamtazama Veneranda. "Kwa miaka kumi na mitatu atapitaje chini ya mpiko?"

Veneranda alisimama, akaenda kutafuta picha. Swali lilikuwa sahihi.

Majalada yote saba yalikuwa yamechorwa na Abbasi, fundi wa mabango mwenye kibanda nyuma ya soko kuu. Alichora vichwa vya vinyozi, matairi, samaki wa Tanganyika na aya za kuombea malori yafike salama. Veneranda alimkuta akimalizia jogoo kwenye ubao wa muuza kuku.

"Karibu, Mama Nyamizi. Usiegemee hapo, huyo hajakauka."

"Nataka umchore Nyamizi wa miaka kumi na mitatu. Picha ndogo, ya pasipoti, nyuma buluu."

"Wa kumi na mitatu nilishamchora."

"Lini?"

"Kitabu cha tatu." Abbasi aliongeza wekundu kwenye upanga wa kichwani mwa jogoo. "Unataka na sare, au vilevile na kaniki?"

Veneranda aliketi kwenye ndoo ya rangi iliyofunikwa. "Rudia, Abbasi."

Abbasi aliiosha brashi kwanza, kwa sababu rangi ile ilikuwa ya kukauka haraka. Kisha alieleza. Yeye hachori kutoka kichwani, anachora anachokiona. Kila mwaka maandishi mapya yalipoletwa, alimwita binti yake, Shamila, akamsimamisha mlangoni chini ya mpini wa jembe uliolazwa kwenye misumari miwili, akachora. Mwaka 2016 Shamila alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwaka 2017 alikuwa na kumi na miwili.

"Lakini mimi niliandika kumi na mmoja. Kila kitabu, ukurasa wa kwanza."

"Uliandika. Nilimsomea. Alicheka."

"Ungeweza kupunguza."

"Nipunguze wapi? Miguu? Ningekuletea kibete." Abbasi alifuta mikono kwa tambara. "Mama Nyamizi, mtoto hasimami mlangoni mwaka mzima akinisubiri. Anaondoka, anakula, anarudi mrefu."

Alifunga mlango wa kibanda. Nyuma yake, kwa ndani, yalikuwa yamebandikwa majalada yote saba, kwa mstari, na vumbi la mbao juu yake. Veneranda aliyafuta kwa kiganja. Akayatazama kwa namna anayotazama vioo vya damu chini ya darubini, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuruka.

Katika la kwanza, kati ya kichwa cha msichana na mpiko kulikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja. Katika la pili, vidole vitatu. Katika la tatu, kidole kimoja. Katika la nne nywele ziligusa mti. Katika la tano shingo ilikuwa imelala upande, na alikumbuka kwamba mwaka ule mtoto mmoja wa Nzega alimwandikia akiuliza mbona Nyamizi anatazama chini. Alimjibu kwamba anafuatilia nyayo. Katika la sita magoti yalikuwa yamekunjwa. Katika la saba hakuwa chini ya mpiko kabisa. Alitembea kando yake, mkono mmoja juu ya mti, kama mtu anayetembea na baiskeli ya mwenzake.

Na msafara ulikuwapo katika yote saba. Wapagazi, mizigo ya nguo na shaba, kirangozi na manyoya yake. Tangu kitabu cha tano sharti la ukurasa wa tisa lilikuwa limevunjwa mbele ya macho ya kila msomaji, na hakuna mpagazi hata mmoja aliyetoweka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kila mwaka ulilichukua jalada, ukalitazama, ukasema rangi nzuri. Nikajua umemwona."

"Sikumwona."

"Basi hiyo ni yako na macho yako," alisema Abbasi, bila ubaya. "Kwa hiyo nichore wa kumi na mitatu, au nisichore?"

Veneranda alisema asichore. Aliomba majalada.

Adinani aliyapima yote kwa rula ya chuma. Ilimchukua saa mbili. Alichukua urefu wa bunduki ya mlinzi wa msafara kuwa kipimo cha kulinganishia, kwa kuwa bunduki haikui, na akatengeneza jedwali. Kimo cha Nyamizi kilikuwa kimeongezeka kutoka mia moja thelathini na nane hadi mia moja hamsini na tisa. Ongezeko kubwa lilikuwa kati ya kitabu cha nne na cha tano, jambo ambalo, alisema, huwatokea wasichana wengine.

"Kuna fomu nyingine," alisema alipomaliza. Alionekana ametulia kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Ya kusahihisha tarehe ya kuzaliwa. Inataka ushahidi wa maandishi au picha, wa tarehe iliyotangulia uandikishaji. Haya majalada yana miaka yake nyuma. Mtoto aliyekuwa na kumi na mmoja mwaka 2016, na akakua kama inavyoonekana hapa, amezaliwa 2005."

"Kwa hiyo ana kumi na tisa."

"Ana kumi na tisa. Na mtu wa miaka kumi na tisa hawezi kuwa mtoro wa darasa la saba. Daftari halimpokei. Nikiingiza tarehe hii, jina linatoka lenyewe."

"Kwa njia ipi kati ya zile nne?"

"Hakuna. Amepita umri. Si njia ya kuondoka, ni kwamba hakustahili kuwemo."

Kasimiri aliitwa akasaini papo hapo. Kudanganywa umri na watoto wa bombani si kosa la mwenyekiti. Alitaka kujua tu kama asilimia tisini na nne ya mahudhurio itafutwa.

"Haifutwi," alisema Adinani. "Alihudhuria."

Ilibaki sahihi ya mzazi. Fomu ilisema: Mimi niliyetajwa hapo juu nathibitisha kwamba binti yangu ana umri wa miaka, kisha nafasi. Adinani alikuwa ameshajaza nafasi. Veneranda alishika kalamu.

Alifikiri kuhusu kitabu cha nane. Kurasa sitini zilikuwa hazina kazi tena, kwa sababu kila ukurasa mtu mzima alitendewa kama mtoto, akibebwa kuvuka mito, akinyimwa habari mbaya. Miaka minane alikuwa amemlinda Nyamizi dhidi ya adhabu ambayo, kwa ushahidi uliokuwa mezani, haikuwapo. Angeweza bado kukataa. Angeenda mahakamani, angemweleza hakimu kwamba mtoto hayupo, na huenda hakimu angekuwa mtu wa kuelewa. Nyamizi angebaki kumi na mmoja. Lakini Veneranda angekuwa ameshikilia umri asiouamini tena, na kazini kwake mtu anayeandika hesabu asiyoiona kwenye kioo huondolewa.

Adinani alitazama saa ya ukutani. Dakika nne zilipita.

Veneranda akasaini.

Marekebisho ya daftari yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata, kama taratibu zinavyotaka, na watu waliyasoma. Nyamizi Veneranda, mwanamke, miaka kumi na tisa, mahudhurio asilimia tisini na nne. Wiki tatu baadaye, Jumapili mchana, mzee mwenye koti la kahawia alibisha geti. Alijitambulisha kuwa Shilinde, kutoka Kaliua. Alikuwa mshenga. Mkononi alikuwa na bahasha.

Veneranda alimkaribisha ukumbini akampa chai na mkate. Mzee alisalimia kwa niaba ya ukoo, akauliza hali ya mvua, hali ya hospitali na hali ya miguu ya mwenyeji, kisha akaiweka bahasha juu ya kitambaa cha meza. Ilikuwa barua ya posa. Kijana aliitwa Jilala, miaka ishirini na sita, Mmoravian, mwenye mizinga ya nyuki arobaini na shamba la tumbaku.

"Anamposa Nyamizi," alisema Shilinde.

"Mzee, Nyamizi ni mtu wa vitabuni."

"Tunajua."

"Na yeye kijana anajua?"

"Kijana ndiye aliyevisoma. Sisi tumemwambia, baba yake amemwambia, mchungaji amemwambia. Anasema wa nje ya vitabu amewaona." Mzee alikoroga chai. "Mimi ni mshenga. Sichagui, napeleka. Nimeposa watu waliokuwa na kasoro kubwa kuliko hiyo, na wana wajukuu."

"Basi jibu ni hapana."

"La nani?"

"Langu. Mimi ni mama yake."

Shilinde alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa na subira ya mtu aliyelipiwa nauli ya kurudi. "Hapana, mama. Angekuwa wa kumi na mmoja ungemjibia, na mimi nisingepanda treni. Ubao unasema kumi na tisa na sahihi ni yako. Binti wa kumi na tisa anaulizwa. Mimi nitakunywa chai."

Veneranda aliona kwamba hoja haikuwa na tundu. Alichukua barua akaingia chumba cha pili, akaketi mezani. Kutoka alipokaa aliweza kumwona mgeni kupitia pazia, akipuliza kikombe.

Aliamua kuandika ndiyo, kwa kujaribu. Kijana alionekana mtu wa kweli, mizinga arobaini si mzaha, na tangu asaini ile fomu hakujua binti wa umri ule afanye nini. Akaandika: Nyamizi aliisoma barua, akatabasamu, akasema ndiyo. Akaisoma sentensi. Ilikuwa kama kioo cha maabara kisichoshika rangi. Kitu kipo, hakuna kinachoonekana. Akaikata. Akaandika tena, sasa akampa Nyamizi sababu: uchovu wa njia, nyumba ya bati, asali. Ilikuwa ndefu zaidi na ikafa vilevile.

Mara ya tatu aliandika tu kwamba Nyamizi alipewa barua, akaishika. Kalamu ikasimama. Ukumbini Shilinde alijimiminia kikombe cha pili.

Nyamizi aliisoma mpaka mwisho. Akasema mwandiko ni mzuri. Akasema hapana.

Veneranda alimwandikia sababu mbili za kukataa, zote za heshima, ambazo zisingemuumiza kijana. Alizisoma akazifuta mwenyewe, maana hazikuwa za Nyamizi. Chini ya neno hapana hapakuwa na kitu kingine, na hapakuhitajika.

Akatoka.

"Amesema hapana."

"Sababu?"

"Hajanipa."

"Wewe si mama yake?"

"Nimemuuliza mara mbili. Kwanza nilimwandikia akubali, akagoma. Nikamwandikia sababu, akazikataa."

Mzee Shilinde aliifikiria habari hiyo. Hakuonekana kuumia. Aliichukua bahasha, akaikunja katikati, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Nimeposa miaka thelathini," alisema. "Wanaotoa sababu ndio huwa wanabadili. Asiyetoa sababu huyo amekua. Nitamwambia kijana." Akasimama, akakung'uta makombo ya mkate. "Lakini ataniuliza, namjua. Baada ya msimu wa asali tukirudi, tutamkuta?"

"Sijui atakuwa wapi," alisema Veneranda, akaenda kumfungulia geti.